Je, Wajua? Gesi ya Rukwa, Madini ya Panda Hill na Friji Yenye Baridi Kuliko Anga

Juni ikiingia, mtu wa Mbeya hatoki bila koti, na wa Makete hatoki bila makoti mawili. Kule Kitulo barafu ya alfajiri huunguza viazi shambani. Hayo yote ni vuguvugu tu mbele ya tunayoyazungumzia leo.

Je, wajua kwamba kuna friji zenye baridi kuliko anga lililo kati ya nyota? Anga hilo, mbali na jua lolote, lina wastani wa kelvini 2.7. Kelvini huhesabiwa kuanzia sifuri kamili, ambayo ni nyuzi 273.15 za sentigredi chini ya pale maji yanapoganda, na chini ya hapo hakuna baridi nyingine. Sasa, sehemu ya chini kabisa ya friji inayobeba kompyuta ya kwanta ina kelvini 0.01 hivi. Piga hesabu mwenyewe: anga la mbali lina joto mara 270 ya humo.

Kompyuta hizo utazikuta Marekani, Ulaya, China na Japani, si Mbeya wala Iringa. Ila ukianza kuuliza kila kilichomo ndani ya friji kimetoka wapi na kinafanya kazi gani, maswali yatakurudisha Nyanda za Juu Kusini zaidi ya mara moja. Na baridi yetu ya Juni haina mchango wowote humo. Kinachohusika zaidi ni joto lililo chini ya miguu yetu.

Joto lina kelele

Washa redio ya zamani, izungushe mpaka mahali pasipo na stesheni. Ile "shiii" unayoisikia, sehemu yake haitoki kwa mtu wala kwa mashine yoyote. Inatoka kwenye joto. Elektroni zilizomo ndani ya waya hazitulii. Kadiri waya unavyokuwa na joto ndivyo zinavyohangaika, na mahangaiko yao yanaonekana kama umeme mdogo usio na mpangilio. John Johnson aliupima katika maabara za Bell, Marekani, miaka ya 1920, na mwenzake Harry Nyquist akatoa hesabu yake mwaka 1928. Wote wawili walikuwa wazaliwa wa Sweden. Johnson alizaliwa Gothenburg, na mji huo uuweke akilini, tutaupitia tena.

Kelele hii ndiyo iliyowafikisha Arno Penzias na Robert Wilson kwenye Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1978. Mwaka 1964, kwenye antena yao kule New Jersey, walikuta mnong'ono usiokoma popote walipoielekeza. Waliwafukuza njiwa, wakasafisha kinyesi chao, mnong'ono ukabaki palepale. Kumbe ulikuwa mabaki ya joto la ulimwengu ulipoanza, zile kelvini 2.7 tulizozitaja. Wasingeweza kuwa na uhakika kama kipokezi chao chenyewe kingekuwa na makelele. Kilipozwa kwa heliamu ya majimaji, na kipimo walicholinganisha nacho kilipozwa hivyohivyo.

Mnong'ono wa kyubiti

Kompyuta ya kawaida hutunza habari kwa biti: sifuri au moja. Kompyuta ya kwanta hutumia kyubiti, ambayo inaweza kuwa katika mchanganyiko wa hali zote mbili mpaka pale unapoisoma. Katika aina inayotengenezwa na kampuni kubwa kama IBM na Google, kyubiti ni saketi ndogo ya metali iliyopoteza ukinzani wote wa umeme kwa sababu ya baridi. Kuisoma, unaipelekea mpigo mdogo wa mawimbi ya maikrowevu, halafu unasikiliza jinsi mawimbi hayo yanavyorudi.

Masafa yake mara nyingi huwa kati ya gigahezi 4 na 8. Hapo ndipo ilipo pia Wi-Fi ya gigahezi 5, ile ya ofisini. Lakini ruta ya Wi-Fi yenye nguvu ya wati 0.1 humwaga chembe za mawimbi zaidi ya bilioni bilioni elfu ishirini kila sekunde, wakati jibu la kyubiti huwa ni chembe chache tu, wakati mwingine zinahesabika kwa vidole. Kwenye gigahezi 6, nishati ya chembe moja inalingana na joto la kelvini 0.3 hivi. Friji ikizidi kiwango hicho, chembe za joto zinazaliwa zenyewe ndani ya waya na hutajua ipi ni jibu na ipi ni kelele. Ndiyo sababu wanashuka mpaka kelvini 0.01.

Panda juu ya paa lenye dishi

Kabla hatujaingia kwenye friji, angalia paa lolote la Soweto au Mwanjelwa jijini Mbeya. Mbele ya dishi, mwisho wa mkono wa chuma, kuna kidude cha plastiki ambacho mafundi wanakiita LNB. Kazi yake ni kupokea mawimbi yaliyochoka kutoka setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta na kuyakuza kabla hayajashuka kwenye waya kwenda king'amuzi. Ndani yake mna transista ya aina iliyobuniwa na Takashi Mimura wa Fujitsu, Japani, mwaka 1979, ambayo kifupi chake cha Kiingereza ni HEMT. Elektroni zake hupita kwenye tabaka safi, mbali na atomi za uchafu zilizowekwa kwa makusudi ili kuzitoa, kwa hiyo zinakimbia bila kugongwagongwa. Kugongana kukipungua, kelele inapungua.

Soma lebo ya LNB. Mara nyingi imeandikwa "0.1 dB". Hicho ni kipimo cha kelele ambayo kidude chenyewe kinaongeza, na ukikigeuza kwenye kelvini kinakuwa 7 hivi. Maana yake ni kwamba LNB imekaa juani penye kelvini 290, lakini inadai kuongeza kelele ya kitu chenye kelvini 7 tu. Fundi aliyekaa sana kwenye kazi hii hazichukulii lebo hizo kama msahafu, nami namuunga mkono. Hata ukikata nusu ya sifa, bado ni kifaa cha ajabu kwa bei yake.

Transista ya ukoo huohuo ndiyo imo kwenye friji ya kompyuta ya kwanta. Tofauti ni kwamba hii imetengenezwa kwa fosfidi ya indiamu, inakaa kwenye kelvini 4, na kelele yake ni kelvini 2 hivi. Amplifaya moja ya namna hiyo hukuza nguvu ya ishara mara elfu kadhaa, hata mara 10,000. Miongoni mwa watengenezaji wanaojulikana sana duniani ni Low Noise Factory, kampuni iliyotoka Chuo Kikuu cha Chalmers. Makao yake ni Gothenburg, mji aliozaliwa Johnson.

Kwa nini amplifaya ya kwanza ndiyo inayogharamiwa hivyo, na zinazofuata zinaweza kuwa za kawaida, tena nje kabisa ya friji? Harald Friis, Mdenmaki aliyefanya kazi Bell, alilijibu mwaka 1944 kwa kanuni fupi: kelele ya hatua ya kwanza inakuzwa na hatua zote zinazofuata, ila kelele ya hatua ya pili inagawanywa kwa ukuzaji wa ile ya kwanza. Mkalimani wa kwanza akikosea, wa pili anatafsiri kosa kwa ufasaha.

Mbona haiwekwi chini kabisa?

Hapa ndipo wahandisi wanapoumiza kichwa. Amplifaya nzuri ingepaswa kukaa ubavuni mwa kyubiti, ishara isipotee njiani. Lakini amplifaya inakula umeme, na umeme ukiliwa unageuka joto. Moja ya zile za HEMT hula miliwati 10 hivi. Chini kabisa ya friji, uwezo wa kuondoa joto ni mikrowati kama 20 tu, yaani mara 500 pungufu. Ukiiweka pale, friji inashindwa papo hapo.

Kwa hiyo inapandishwa ghorofa kadhaa juu, kwenye kelvini 4, ambako mashine ya kupozea inaweza kuondoa wati 1 au 2. Panaonekana pana nafasi tele mpaka uanze kuhesabu. Amplifaya 100 za miliwati 10 tayari ni wati nzima. Na kompyuta ya kwanta inayoota kuwa na kyubiti milioni itahitaji amplifaya ngapi?

Mwaka 2025 watafiti wa Chalmers, wakiongozwa na Yin Zeng na Profesa Jan Grahn, walitangaza jibu moja: amplifaya inayolala. Kyubiti haisomwi muda wote, husomwa kwa mipigo mifupi, basi kwa nini amplifaya iwe macho usiku na mchana? Yao huwaka pale tu ishara inapokuja, na hutumia moja ya kumi ya umeme unaotumiwa na zile bora zilizokuwepo. Tatizo lilikuwa kuiamsha kwa kasi ya kutosha bila kelele ya kukurupuka. Waliiachia programu ya kompyuta ijaribu mbinu kizazi baada ya kizazi mpaka ikapata namna ya kuiwasha ndani ya nanosekunde 35. Kwa muda huo mwanga husafiri mita 10 na nusu tu.

Kuna njia nyingine, ambayo binafsi naiona ya kifahari zaidi. Ni amplifaya isiyo na transista kabisa, iliyojengwa kwa viungo ambavyo Brian Josephson alivibashiri mwaka 1962 akiwa na miaka 22. Haina ukinzani, hivyo haitoi joto la kuitia friji homa, na inakaa kwenye sakafu moja na kyubiti. Nguvu ya kukuza inaletwa na wimbi jingine kutoka nje, linalosukuma saketi kwa mdundo. Mwaka 2015 kundi la watafiti wa Marekani lilionyesha moja yenye viungo zaidi ya 2,000 vilivyofungwa kwa msururu, ishara ikikua inavyosafiri. Hizi hukaribia ukomo wenyewe wa maumbile, maana Carlton Caves alithibitisha mwaka 1982 kwamba amplifaya yoyote inayokuza wimbi zima lazima iongeze kelele isiyopungua nusu ya chembe moja. Hakuna fundi atakayeshusha hapo, awe na fedha kiasi gani.

(John Clarke, Michel Devoret na John Martinis walipewa Nobeli ya Fizikia ya mwaka 2025 kwa majaribio waliyofanya Berkeley mwaka 1984 na 1985 kwenye viungo hivyohivyo vya Josephson. Miaka 40 ya kungoja simu.)

Mlima wenye gereza na niobiamu

Ukitoka Mbeya mjini kwenda Tunduma, kabla hujafika mbali, upo mlima ambao wanajiolojia wanauita Panda Hill. Mwamba wake ni kaboneti iliyopanda kutoka chini ya ganda la dunia ikiwa ya moto, na ndani yake mna piroklori, madini yanayobeba niobiamu. Umechimbwa vishimo vya utafiti tangu miaka ya 1950. Eneo la leseni lina jirani asiye wa kawaida, nalo ni gereza la Songwe.

Je, wajua niobiamu inafanya nini ndani ya friji yetu? Ikishuka chini ya kelvini 9.2 inapoteza ukinzani wote wa umeme, na hakuna elementi nyingine inayofanya hivyo kwenye joto la juu kuliko hapo katika mkandamizo wa kawaida. Ikichanganywa na titani, inakuwa nyaya zinazobeba mnong'ono wa kyubiti kutoka sakafu ya chini hadi kwenye amplifaya ya kelvini 4. Nyaya hizo zina tabia mbili ambazo kwa kawaida haziishi pamoja: zinapitisha umeme bila kupoteza chochote, lakini joto linazipita kwa shida. Shaba ingepitisha vyote viwili, na joto la juu lingetiririka hadi kwenye kyubiti. Nyaya za mchanganyiko huohuo ndizo zimezungushwa ndani ya mashine nyingi za MRI mahospitalini.

Tusipambe mambo, lakini. Niobiamu karibu yote inayochimbwa duniani, sehemu kubwa ikitoka Araxá nchini Brazili, inaishia kwenye chuma cha mabomba na magari. Kompyuta za kwanta zinahitaji kiasi kidogo tu. Mgodi wa Panda Hill ukifunguliwa kwa ukamilifu, wateja wake watakuwa wenye viwanda vya chuma.

Jirani wa niobiamu kwenye kemia, tantali, hutoka kwa wingi kwenye koltani ya Kivu, mashariki mwa Kongo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba kyubiti zilizotengenezwa kwa tantali hudumu na habari yake muda mrefu kuliko za niobiamu au alumini zilizotangulia, zaidi ya milisekunde 0.3. Mtu wa nje ya fani atacheka. Kwa kyubiti, huo ni umri wa kustaafu.

Gesi iliyoonekana kwanza juani

Heliamu, gesi inayozipa friji hizi baridi yake, ina historia ya kinyume: ilionekana juani kabla ya kuonekana duniani. Tarehe 18 Agosti 1868, jua lilipopatwa, Pierre Janssen alilichunguza akiwa India, na miezi michache baadaye Norman Lockyer akiwa Uingereza aliona vilevile mstari wa njano usiofanana na elementi yoyote iliyojulikana. Ilichukua mpaka mwaka 1895 William Ramsay alipoikuta hapa duniani, ikitoka kwenye jiwe lenye urani. Na tarehe 10 Julai 1908, mjini Leiden, Heike Kamerlingh Onnes akaigeuza majimaji, mililita 60 hivi, kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Baada ya miaka mitatu, kwa kutumia baridi hiyo, aliona zebaki ikipoteza ukinzani wa umeme. Bila hilo pasingekuwa na habari hii.

Lile jiwe la Ramsay lilitoa siri: heliamu ya ardhini inazaliwa na urani na thoriamu zinapooza polepole. Atomi moja ya urani-238, mpaka ifike kuwa risasi, huacha atomi nane za heliamu nyuma yake. Kazi hiyo ni ya taratibu mno, nusu ya urani huchukua miaka bilioni 4.5. Basi unahitaji mwamba mzee, na Tanzania tunao. Kiini cha nchi yetu kimekaa hapo zaidi ya miaka bilioni 2.5, heliamu ikijikusanya ndani ya chembe za mawe bila pa kutokea.

Kinachoifungua ni joto. Bonde la Ufa linapojitanua kati ya Rukwa na Mbeya, na volkano za Rungwe zikiwa zimeuchemsha ukanda huu, mawe ya zamani yanapashwa na kuiachia gesi yake. Inapanda pamoja na nitrojeni mpaka kwenye mchanga na udongo wa bonde, na nyingine inatoroka kwenye chemchemi za moto. Wanajiolojia walizijua chemchemi hizo zamani, na T. C. James alichapisha maelezo yake mwaka 1967. Unaweza kusimama kando ya dimbwi la maji ya moto ukaona mapovu yanapanda moja moja, hayana rangi, hayana harufu yake yenyewe. Mtu anachemsha yai na kwenda zake.

Juni 2016, kwenye mkutano wa jiokemia uliofanyika Yokohama, wanasayansi wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kwamba sehemu moja tu ya bonde la Rukwa huenda ina futi za ujazo bilioni 54 za heliamu. Magazeti ya dunia yaliandika kana kwamba gesi iko tayari kwenye mitungi. Yalikuwa makadirio. Kisima cha kwanza cha kampuni hiyo mwaka 2021 hakikuleta gesi ya kuuzwa. Ni Februari 2024 ndipo kisima cha Itumbula West-1, upande wa Momba mkoani Songwe, kilipotoa gesi yenye heliamu asilimia 4.7 juu ya ardhi, na majaribio ya baadaye mwaka huohuo yakafika asilimia 5.5. Leseni ya uchimbaji ilitolewa mwaka 2025. Sheria yetu ya madini, baada ya marekebisho ya 2017, inaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 bila kulipia.

Asilimia 5 inaonekana ndogo mpaka uilinganishe na Qatar, mmoja wa wauzaji wakubwa duniani. Gesi asilia ya huko ina heliamu asilimia 0.04 hivi, na inapatikana kwa faida kwa sababu tu wanapitisha gesi nyingi mno viwandani kwa ajili ya kitu kingine. Ya Rukwa imekuja na nitrojeni, si mafuta wala methani, kwa hiyo kuichimba hakulazimishi kuchoma chochote. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa zaidi, kuliko hata wingi unaosemwa. Wingi utajulikana visima vikishafanya kazi miaka kadhaa.

Kwa wasiojua mipaka: hadi Januari 2016 Songwe yote ilikuwa mkoa wa Mbeya. Wazee wa Momba bado wanasema wanatoka Mbeya.

Ila kuna heliamu ambayo Rukwa haina

Je, wajua kwamba friji hizi zinahitaji heliamu za aina mbili? Ya kawaida ni heliamu-4. Ya pili, heliamu-3, ina nyutroni moja pungufu. Ukizichanganya na kuzipoza chini ya kelvini 0.87, zinajitenga zenyewe, nyepesi juu, nzito chini. Lakini ile ya chini haikubali kubaki tupu: hata kwenye baridi ya mwisho inadai asilimia 6 na kitu ya heliamu-3 ndani yake. Ukiinyonya hiyo heliamu-3 kutoka chini, nyingine inavuka mpaka kutoka juu kuijaza nafasi, na katika kuvuka inabeba joto. Inazungushwa hivyo mchana na usiku, haipotei. Wazo hilo alilitoa Heinz London mwanzoni mwa miaka ya 1950, na friji ya kwanza ilifanya kazi Leiden mwaka 1964.

Heliamu iliyozaliwa kwenye mawe ya zamani karibu yote ni heliamu-4. Heliamu-3 inayouzwa hutoka kwa tritiamu, ambayo nusu yake huoza kila baada ya miaka 12.3, na tritiamu nyingi ilitengenezwa kwa ajili ya mabomu ya nyuklia. Lita moja ya gesi ya heliamu-3 hugharimu maelfu ya dola. Kwa hiyo anayetangaza kwamba Songwe itazilisha kompyuta zote za kwanta anasema nusu ya habari. Songwe inaweza kulisha ile nusu kubwa: mashine za kupozea, MRI, viwanda vya vifaa vya elektroniki.

Kuuza gesi kutoka chini ya ardhi si jambo geni huku, hata hivyo. Kampuni ya TOL Gases imekuwa ikivuna kaboni dioksidi ya volkano karibu na Mlima Kyejo, wilayani Rungwe, na gesi ya namna hiyo ndiyo inayotia povu kwenye soda.

Swali lililoulizwa Iringa

Kitu cha mwisho kutoka huku kinachohusu kompyuta hizo si madini wala gesi, ni swali. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, unaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi za friji zilikuwa zinaisha. Mwenzake akaweka maziwa bila kuyachemsha, na Mpemba, asikose trei ya mwisho, akaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake bado uji mzito. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Wauza aiskrimu wa Tanga mjini wao walikuwa wanajua siku nyingi, ndivyo walivyofanya ili zigande upesi.

Akaenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari. Swali akaenda nalo. Siku moja akakuta maabara ya biolojia iko wazi, akachukua bika mbili ndogo za mililita 50, moja maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friji. Alivyorudi baada ya saa moja, barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye ile ya moto. Kisha Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaja shuleni kuzungumza, na Mpemba akasimama kumuuliza: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, ujazo mmoja, friji moja, mbona ya 100 yanatangulia kuganda? Wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar alimwagiza fundi wa maabara ajaribu, na fundi akaja kutoa taarifa kwamba kweli ya moto yametangulia, ila akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha matokeo yao pamoja. Mpemba mwenyewe aliishia kwenye wanyamapori, alisomea Mweka na kufanya kazi ya uhifadhi. Mkwawa nayo tangu 2005 ni chuo kikuu kishiriki cha elimu.

Kuhusu maji, ubishi haujaisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walirudia majaribio kwa makini na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha; walionyesha kwamba kusogeza kipimajoto sentimita moja juu au chini kunaweza kubadili jibu. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, kule Kanada, waliliona jambo lenyewe wazi kabisa kwenye vishanga vidogo vinavyoelea majini. Na mwaka 2024 maabara ya Innsbruck, Austria, ilitumia ioni 12 za kalsiamu, zile zinazotumika kwenye aina nyingine ya kompyuta za kwanta, ikaonyesha kwamba hali iliyoanza mbali zaidi na utulivu ilitulia mapema kuliko iliyoanza karibu. Jina walilolitumia ni lilelile la kijana wa Mkwawa.

Wahandisi wa kompyuta za kwanta wanalifuatilia jambo hili kwa sababu ya kazi yao. Kyubiti ikishasomwa inabidi irudishwe kwenye sifuri kabla ya hesabu inayofuata, na kungoja ipoe yenyewe ni kupoteza muda. Federico Carollo, Antonio Lasanta na Igor Lesanovsky walionyesha kwa hesabu mwaka 2021 kwamba mfumo wa kwanta ukigeuzwa kwanza kwa namna maalumu, hata kama kwa kugeuzwa huko unakwenda mbali na pale unapotakiwa kufika, unaweza kufika mapema zaidi.